Wanawake na uongozi wa kanisa: ruhusa ya turubai, katazo la bati

Katika kambi moja ya wavuvi kwenye visiwa vya upande wa Buchosa, Ziwa Victoria, kuna kanisa nililolifahamu likiwa bado turubai la bluu lililofungwa juu ya nguzo sita za miti ya porini. Kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe na kugongwa kwa kipande cha nondo, na mabenchi yake yalitengenezwa kwa mbao za mitumbwi iliyochakaa, hata baadhi yalikuwa bado na namba za usajili zilizopakwa rangi nyeupe. Aliyeongoza ibada hapo kwa miaka minane alikuwa mama anayenunua dagaa wabichi alfajiri, akawaanika mchangani, na magunia yakishakuwa ya kutosha akayasafirisha hadi soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Hakusomea uchungaji. Alikuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo, na kaunta buku moja ambamo aliandika kila jambo la kanisa: waliookoka, watoto waliokuwa wakisubiri ubatizo, ndoa zilizohitaji kusuluhishwa, na majina ya waliofia majini.

Ratiba ya ibada aliipanga kwa kuangalia mwezi. Wakati wa giza, wavuvi wa dagaa wanapokesha ziwani na taa zao, aliisogeza ibada hadi saa tano asubuhi ili watu walale kidogo kwanza. Wakati wa mbalamwezi, wengi wanaporudi makwao, aliendesha ibada na kina mama, watoto na wazee wachache waliobaki kambini. Mchungaji aliyewekewa mikono, yaani aliyewekwa rasmi na kanisa katika kazi hiyo, alifika kila baada ya miezi mitatu, upepo ukiruhusu, akabatiza, akagawa Chakula cha Bwana, akapanda boti akaondoka. Baadaye michango ya dagaa ikakusanywa gunia kwa gunia, ukuta ukapanda, bati za geji thelathini zikapigiliwa, na mwaka huohuo ikaja barua kutoka makao makuu kwamba kanisa limekua na sasa linaletewa kiongozi. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, ametoka chuo cha Biblia muda si mrefu. Mama yule alishukuriwa kwa zawadi ya kitenge, akapewa uenyekiti wa kina mama, na siku ya kumpokea mchungaji mpya nilimkuta nyuma ya kanisa kwenye mafiga, akipakua wali wa wageni.

Simlaumu kijana aliyetumwa. Ni mtu mnyenyekevu, na kwa muda mrefu alikuwa akimwuliza mama huyo nani ni nani kambini. Wala mama mwenyewe sikumsikia akilalamika. Ninachotaka kukiweka mbele ya wasomaji ni swali ambalo siku ile halikuulizwa na mtu yeyote, nami nikiwa mmojawapo wa walionyamaza. Kama Maandiko yanamkataza mwanamke kuongoza kusanyiko lenye wanaume ndani yake, katazo hilo lilikuwa wapi kwa miaka minane ya turubai? Na kama lilikuwepo likafumbiwa macho kwa sababu hapakuwa na mwanamume aliyekubali kulala kisiwani, je, ni katazo la namna gani linaloanza kufanya kazi siku bati linapopigwa msumari?

Mjadala wa wanawake na uongozi wa kanisa huku kwetu kanda ya ziwa huendeshwa kana kwamba wanawake wamesimama mlangoni wakibisha hodi, na sisi wengine tumekaa ndani tukijadiliana kama tuwafungulie. Picha hiyo si ya kweli. Wamo ndani siku nyingi, na ndio walioufagia ukumbi tunaojadilia. Wanaendesha ibada za nyumba kwa nyumba, wanafundisha shule ya Jumapili, wanazika watoto wachanga ambao mchungaji hakuwahi kufika kuwaombea, wanasimamia mnada wa mavuno pale kuku na ndizi zilizoletwa madhabahuni zinapouzwa nje baada ya ibada ili kupata fedha ya kanisa. Kilichozuiliwa ni vitu vichache vinavyohesabika: kuwekewa mikono, kusimama mezani pa Bwana, kuwa na kura katika kikao kinachoamua nani atumwe wapi, na kutia sahihi. Tukikubali kuliita jambo kwa jina lake, tutaona kwamba mgogoro wetu hauhusu kazi. Unahusu utambuzi wa kazi.

Mtindo huu wa kumtumia mwanamke wakati wa shida na kumweka pembeni shida ikipita si wetu peke yetu. Mwaka 1944, Wajapani wakiwa wameishika Hong Kong, Waanglikana waliokuwa Macau walikosa padre wa kuwapa Ushirika Mtakatifu, na aliyekuwa akiwatunza ni shemasi wa kike aitwaye Florence Li Tim-Oi. Tarehe 25 Januari mwaka huo Askofu Ronald Hall alimwekea mikono kuwa padre, wa kwanza mwanamke katika Uanglikana wote, kwa sababu moja iliyo wazi: watu walihitaji sakramenti na yeye ndiye aliyekuwepo. Vita vilipokwisha, shinikizo likaja kutoka kwa maaskofu wa mbali ambao hawakuwahi kulala Macau hata usiku mmoja, na mwaka 1946 aliacha kutumia leseni yake ili askofu wake asitikiswe. Hakuukana upadre wake. Aliunyamazia tu, na ilipita robo karne kabla dayosisi ya Hong Kong haijautambua tena, mwaka 1971. Kila ninapoisoma habari hii ninamwona mama wa dagaa. Bomu lilipokuwa likilia, Roho Mtakatifu alionekana kumruhusu. Amani iliporudi, wakubwa wakakumbuka kwamba ni mwanamke.

Tukirudi kwenye ziwa letu, upande wa Kisumu jambo hili lilianza mapema kuliko wengi wetu wa Mwanza tunavyodhani. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimwekea mikono Lucia Okuthe mwaka 1983, wakati dayosisi nyingine za Kenya zilikuwa bado zinabishana, na mwaka huohuo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, aliwawekea mikono wanawake watatu. Kivengere hakuwa mtu wa kuchezea Maandiko. Alitoka katika ule uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, ukavuka hadi Uganda na Bukoba, na ndani ya uamsho huo watu walikuwa wamekwisha kuzoea kumsikia mwanamke akisimama kushuhudia mbele ya wanaume na wanaume wakilia kwa kutubu. Januari 2021, Bondo, ambayo nayo iko kando ya ziwa hilihili, ilimpata Emily Onyango kuwa askofu msaidizi, mwanamke wa kwanza kuwa askofu katika Kanisa Anglikana la Kenya. Na Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawekwa kuwa askofu wa dayosisi ya Butere. Maji ya ziwa hayakupanda wala kukauka kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa Tanzania, Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ulipitisha mwaka 1990 kwamba wanawake wanaweza kubarikiwa kuwa wachungaji, na wa kwanza walibarikiwa mwaka uliofuata, ingawa dayosisi hazikwenda zote kwa mwendo mmoja. Waanglikana waliachia kila dayosisi iamue yenyewe. Katika makanisa ya Kipentekoste hali ni mchanganyiko mtupu, maana yapo yanayomkataza mwanamke hata kupanda mimbarini, na yapo yaliyoanzishwa na wanawake wenyewe. Marehemu Mchungaji Getrude Rwakatare wa Dar es Salaam, aliyefariki Aprili 2020, aliongoza kusanyiko kubwa mno na hakuna aliyekuwa na shaka nani ndiye kiongozi pale. Kwa hiyo mkazi wa Mwanza akitoka nyumbani Jumapili na kutembea kutoka Kirumba hadi Nyamagana, anaweza kupita kanisa ambalo mwanamke anavunja mkate, na mita mia mbili mbele akapita jingine ambalo mwanamke haruhusiwi hata kusoma somo la pili. Wote wanasema wanatii Biblia moja, na wengi wao wanaisoma katika tafsiri ileile ya Kiswahili.

Hapo kwenye tafsiri napenda kukaa kidogo.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi ya wanawake kuongoza imo katika waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 2, mstari wa 12: "Simpi mwanamke ruhusa ya kufundisha, wala kumtawala mwanamume, bali awe katika utulivu." Nguvu yake haiko katika mstari huo pekee, bali katika mstari wa 13 unaofuata, ambapo Paulo anaitegemeza kauli yake juu ya kuumbwa kwa Adamu kabla ya Hawa. Wanaopinga wanasema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba agizo linalosimama juu ya uumbaji haliwezi kuwa la Efeso, alikokuwa Timotheo, peke yake wala la karne ya kwanza peke yake. Mimi sikubaliani na wale wanaoupita mstari huu kwa kusema tu kwamba "Paulo alikuwa mtu wa zama zake." Huko ni kukimbia. Mtu anayetaka mwanamke awekewe mikono ni lazima ausome mstari huu macho makavu, kama mama yule alivyousoma, maana aliwahi kunionyesha kwamba ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Ila na anayeushika ni lazima aushike wote. Neno la kwanza lililokatazwa hapo ni kufundisha, na uchungaji haujatajwa kabisa. Sasa katika kanisa lipi la kanda hii wanawake hawafundishi? Mwimbaji wa kike anayesimama mbele ya kwaya na kueleza kwa beti nne maana ya msalaba anafundisha, na wanaume wanaitikia. Mwalimu wa kike anayefundisha somo la dini sekondari ana wavulana wenye ndevu darasani kwake. Mama anayeongoza semina ya wanandoa anafundisha waume za watu. Hakuna anayewanyamazisha hawa, kwa sababu kanisa litakufa siku watakaponyamaza. Tumeuchukua mstari mmoja, tukaukata vipande, kipande kinachogusa kazi tukakiweka kando na kipande kinachogusa cheo tukakishikilia, kisha tukakiita kipande hicho utii. Paulo huyohuyo katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, anaeleza namna mwanamke anavyopaswa kujifunika kichwa anaposali na kuhutubu. Sura tatu mbele, anasema wanawake na wanyamaze katika kanisa. Asingeagiza jinsi ya kuvaa wakati wa kufanya jambo ambalo amelikataza moja kwa moja. Kwa hiyo hata anayesoma kwa haraka analazimika kukiri kwamba ukimya ule ulikuwa na mipaka, na kazi yetu ni kuitafuta mipaka hiyo kwa uaminifu badala ya kuiweka pale panapotufaa.

Halafu kuna suala la lugha yetu. Kiswahili hakina jinsi katika viambishi vyake. "Alisema" ni ya mwanamume na ni ya mwanamke, na maneno mchungaji, askofu, mtume, mzee hayabebi suruali wala kitenge. Wasomaji wa Kiswahili wamepewa hapo uhuru ambao wasomaji wa lugha nyingi hawana, lakini uhuru huohuo umetuficha mambo. Katika Warumi 16:7 Paulo anawasalimu Androniko na Yunia, ambao "ni maarufu miongoni mwa mitume". Nimeuliza darasa zima la watu wazima Yunia alikuwa nani, na karibu wote wakajibu kwamba ni mwanamume, kwa sababu hakuna kitu katika sentensi ya Kiswahili kinachosema vinginevyo na vichwani mwetu mtume ana ndevu. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya 4 ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake mwenyewe, alimsoma Yunia kuwa mwanamke, akamsifu kwa kuhesabiwa kustahili jina la mtume. Mstari wa kwanza wa sura hiyohiyo unamtaja Fibi, ambaye katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea ni "mhudumu wa kanisa lililoko Kenkrea". Neno la Kigiriki lililo hapo ni diakonos, lilelile ambalo katika Wafilipi 1:1 na Timotheo wa kwanza sura ya 3 limefasiriwa shemasi. Wanaume wakawa mashemasi, Fibi akawa mhudumu. Sidai kwamba watafsiri walikuwa na nia mbaya, kwa kuwa neno lenyewe lina maana zote mbili. Ninasema tu kwamba kizazi baada ya kizazi cha waumini wa pwani na bara kimeusoma ukurasa ule bila kujua kwamba Fibi alibeba jina lilelile la kazi walilolibeba wanaume wa Filipi, na kwamba huenda ndiye aliyeifikisha Roma barua ambayo tunaihubiri hadi leo.

Najua nitaambiwa kwamba askofu anapaswa kuwa "mume wa mke mmoja", na kwamba mwanamke hawezi kuwa mume. Kweli. Lakini kwa kipimo hicho Paulo mwenyewe, ambaye hakuwa na mke, hangefaa kuwa askofu, na vijana wanaoanza uchungaji kabla ya kuoa wangerudishwa nyumbani. Sote tunaelewa kwamba maneno yale yanazungumzia uaminifu wa ndoa. Tunayaelewa hivyo mpaka pale anapotokea mwanamke, ndipo ghafla tunayasoma herufi kwa herufi.

Nimekuja kuamini, baada ya kuwasikiliza wazee wa kanisa wengi katika pwani hii, kwamba kwa sehemu kubwa kinachozungumza si Timotheo. Kinachozungumza ni mwalo, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa. Yeyote aliyekulia kwenye mialo yetu anaijua miiko yake: mwanamke asiruke nyavu zilizoanikwa, asikanyage mtumbwi unaojiandaa kuingia ziwani, na akiwa katika siku zake asisogee kabisa, la sivyo samaki watakimbia. Kazi zote za nchi kavu ni zake, kuanzia kuanika dagaa, kubanika, kukaanga, kuuza, hadi kukopa fedha ya mafuta ya injini. Mtumbwi ni wa mwanamume. Wachungaji wetu huikemea miiko hiyo kila mwaka na kuiita ushirikina, na wako sahihi. Lakini nimewahi kukaa katika kikao cha wazee ambacho mzee mmoja, mtu mwema niliyemheshimu, alisema kwamba mwanamke hawezi kuhudumu mezani pa Bwana "kwa sababu ya hali yake ya kila mwezi", na wengine wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna aliyefungua Agano Jipya kuonyesha neno hilo limeandikwa wapi, wala hakuna aliyemkumbuka yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, akaligusa vazi la Yesu katikati ya umati, naye Yesu akamwita binti. Tulikuwa tumeutoa mwiko kwenye mtumbwi na kuuweka juu ya madhabahu, tukaufunika kwa kitambaa cheupe.

Wakatoliki wako mahali tofauti, na haifai kuwachanganya na wengine. Kwao suala la daraja takatifu lilitolewa kauli na Papa Yohane Paulo II katika waraka wa tarehe 22 Mei 1994, aliosema ndani yake kwamba Kanisa halina mamlaka yoyote ya kuwapa wanawake upadre. Mtu anaweza kutokubaliana nayo, ila ni kauli iliyo wazi na haibadiliki kulingana na umbali wa kisiwa. Tena wao wameanza kutenganisha daraja na uongozi kwa namna ambayo sisi Waprotestanti hatujafikiria: mwaka 2021 Papa Fransisko alifungua rasmi huduma za usomaji na utumishi wa altare kwa wanawake, na Januari 2025 alimteua Sista Simona Brambilla, aliyewahi kuwa mmisionari Msumbiji, kuongoza idara ya Vatikani inayosimamia mashirika ya watawa, wa kiume na wa kike. Katika parokia zetu za Mwanza, jumuiya ndogondogo ngapi zingesimama bila wenyeviti wanawake, na majengo mangapi yangekamilika bila WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania? Kwa Wasabato, ambao ni wengi sana kuanzia Majita hadi huku kwetu, swali liliamuliwa kwa kura ya mkutano wao wa dunia mjini San Antonio, Marekani, Julai 2015, pale wajumbe 1,381 walipokataa kila divisheni, yaani kanda ya kanisa lao, ijiamulie yenyewe na 977 wakataka ijiamulie. Ni kanisa ambalo Ellen White alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake na maandishi yake yanasomwa humo hadi leo. Wajumbe 977 si watu wachache, na sidhani kwamba mazungumzo hayo yamekwisha.

Wala makanisa yaliyokwisha kusema ndiyo yasijipongeze upesi. Nimekuwa nikifuatilia wanawake wachungaji ninaowafahamu wanapangiwa wapi, na mara nyingi ni ofisi ya wanawake na watoto, ni hospitali, ni shule, au ni mtaa mdogo ambao hauna nyumba ya mchungaji. Usharika mkubwa wa mjini, wenye gari na sadaka nene, unabaki kuwa wa baba. Hata jina la kumwita linatushinda. Kwetu "mama mchungaji" ni mke wa mchungaji, cheo kisichosomewa wala kulipwa ambacho kina kazi nyingi kuliko kilivyo na heshima. Mwanamke akibarikiwa kuwa mchungaji, waumini wanamwita jina hilohilo, na kwa kinywa hicho wanamrudisha jikoni pasipo kukusudia. Mmoja aliniambia kwamba wageni wanaofika ofisini kwake humsalimu kwa adabu, "Shikamoo mama, baba mchungaji yupo?", naye akiwa amevaa kola shingoni. Mume wake, mwalimu wa shule ya msingi, huulizwa sokoni lini atahubiri.

Oktoba 2025, ilipotangazwa kwamba Sarah Mullally ndiye atakayekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho cha heshima ya kwanza katika Uanglikana, nilisikia watu wa huku wakisema kwamba Wazungu wamepotea na kwamba jambo hili la wanawake limetoka kwao. Viongozi wa GAFCON, umoja wa Waanglikana wahafidhina, walilipinga kwa sababu za kijinsia na kwa sababu nyingine zinazohusu mafundisho ya ndoa, na hizo za pili zinastahili mjadala wake peke yake. Lakini kusema kwamba uongozi wa wanawake kanisani ni bidhaa iliyoletwa na meli ni kuisahau Kisumu ya 1983 na Kigezi ya 1983, miaka kumi na moja kabla Kanisa la Uingereza halijamwekea mikono padre wake wa kwanza mwanamke mwaka 1994. Safari hii tulikuwa mbele, na hatujui kwamba tulikuwa mbele.

Hoja ya mwisho ninayokutana nayo ni ya subira, kwamba waumini hawajawa tayari. Waumini gani? Wale wa kambini walikuwa tayari kwa miaka minane. Walimletea migogoro yao, wakampa watoto wao awaombee, wakamkabidhi fedha zao za ujenzi na hakuna shilingi iliyopotea. Ambao hawakuwa tayari walikuwa mjini, kwenye meza yenye chupa za maji. Ninayaomba makanisa yanayoamini kwamba Maandiko yanakataza yaseme hivyo mapema, wakati wa turubai, na yatafute wanaume wa kwenda kulala huko. Na kama hayawezi kuwapata, yajiulize kwa hofu ya Mungu kwa nini kila anayeitikia wito wa kwenda visiwani anavaa gauni. Yale yanayoamini kwamba Maandiko yanaruhusu yamwekee mtu mikono akiwa bado mahali alipofanya kazi, yamlipie masomo, na yamwache pale bati linapopigwa.

Nilirudi kambini mwaka jana, kipindi cha upepo wa kusi. Mchungaji alikuwa ameitwa semina mjini na boti hazikuwa zinavuka kwa siku tatu. Usiku wa pili mtumbwi mmoja ulipinduka, na asubuhi wakamleta kijana wa miaka kumi na tisa amefungwa ndani ya tanga. Mwili wa aliyekufa maji hausubiri semina iishe. Watu hawakuulizana, walikwenda kumwita mama yule akiwa anageuza dagaa, akanawa mikono ziwani, akaingia kwake akatoka na Biblia na ile kaunta buku, ambayo hakuna aliyewahi kumwomba aikabidhi. Alizika akiwa amevaa kanga mbili na kandambili, sauti yake ikishindana na upepo, na wanaume wote wa kambi wakiwa wamevua kofia. Aliandika jina la kijana chini ya mengine. Jumapili iliyofuata mchungaji alikuwa amerudi, na mama alikuwa kwenye benchi la tatu, upande wa wanawake.